Namna ya Kumkagua Mkwe Usiyeruhusiwa Kumtazama

Siku ya kuniaga kazini mlinipa blanketi, seti ya sufuria na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, kisha mkasema, "Mama Atu, tuachie neno." Mdomo wangu ulikuwa umejaa pilau, nikaishia kutikisa kichwa. Sasa nimekaa kibarazani kwangu hapa Mpemba, karibu na mpaka, malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni mpaka huku kwetu, kina mama wa ng'ambo wanaopita na vitenge wananiita "mayo" kana kwamba niliwazaa, na kazi sina. Kwa hiyo neno lenu ndilo hili, na mlivumilie, maana mimi kusema kwa kifupi sikufundishwa.

Watu wakisikia ulikuwa idara ya wanyamapori wanadhani ulikuwa unashinda na simba. Nawaambieni nyie mnaoanza: simba mtawaona kwenye kalenda. Mimi miaka yangu yote nimeshinda na wazee na magobore yao. Kila kiangazi, wakulima wenye vibali wanaleta bunduki zao tuzikague, tuwaangalie wanavyozishindilia, kisha wanapiga shabaha kwenye bati lililopakwa chokaa. Anayepiga vizuri anarudi kulinda mpunga wake au mahindi yake dhidi ya nguruwe pori na nyani. Anayempita kila mtu anapewa jogoo na maneno mengi.

Kwa asiyelijua gobore, halina magazini wala risasi za kiwandani. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unafuatisha kitambaa, kisha gololi ya risasi, na unashindilia kwa fimbo mpaka vikae chini kabisa. Mwisho unaweka fataki, kile kifuniko kidogo cha kuwashia baruti, unalenga, unamwomba Mungu. Mzigo wenyewe hupimwa nyumbani, mchana kweupe, mbali na jiko, mbali na pombe, mbali na shemeji mwenye maneno. Kila mzigo wa mlio mmoja unawekwa kwenye kipande cha mwanzi na kuzibwa kwa nta. Mwanzi mmoja, mlio mmoja. Vipimo sitaviandika hapa, vina watu wake na vibali vyake, na wewe unayesoma huku unatafuna karanga hujapewa hata kimoja.

Nilianzia Kamsamba. Jamani, lile joto! Mimi ni Mnyiha wa Mbozi, nimekulia kwenye kahawa na ukungu, nikashushwa bondeni na buti mpya zinazometameta. Aliyenipokea ni Mzee Siame, askari wa zamani wa idara, mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya kunong'ona hata akiwa amekasirika. Akazitazama buti zangu, akatazama jua, akasema, "Binti, hizo zitakuua kabla ya kiboko." Nikajifanya sikusikia. Mchana nilikuwa pekupeku kama wenzangu.

Siku hiyohiyo akanipeleka kumwona mkulima mmoja, Sichone, nikajua naenda kuona bunduki. Kumbe nilipelekwa kuona mkono. Sichone alitupokea kwa kupiga makofi ya salamu, nikaona mkono wa kulia hauna kidole gumba. Akacheka alivyoniona nashtuka. "Kidole changu kimelala mpungani, mama," akasema. "Kinalinda ndege bila mshahara."

Ilikuwa hivi. Sichone alikuwa ameshashindilia bunduki yake shambani, hajaweka fataki bado, mkwewe akatokea juu ya tuta. Nyie wa siku hizi mnapungiana mikono kwenye pikipiki, basi yameisha. Salamu ya kwetu haipokelewi ukiwa umesimama, tena umeshika chuma. Unaweka chini ulichoshika, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unaulizwa umelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe je, mvua je, yule mgonjwa je. Nawe unauliza vyote hivyo. Ukimkatiza mkweo katikati, heri ungemtukana. Sichone akasalimiana kama mtu aliyelelewa. Mkwe alipoondoka, akaichukua bunduki, akafungua mwanzi mwingine, akashindilia juu ya ule mzigo wa kwanza. Bunduki iliyobeba mizigo miwili hupasuka, haijui kumpenda mwenyewe.

"Wengine wanaumizwa na ulevi," Mzee Siame akaniambia tukiwa njiani kurudi. "Hawa wangu wanaumizwa na adabu."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda yule mzee. Angeweza kupiga marufuku salamu, na watu wangemzomea mpaka ziwani. Yeye, kabla sijafika, alikuwa ameitisha mkutano wa kijiji akaomba jambo dogo tu: mtu anapoanza kushindilia, aweke jani mdomoni, alibane kwa midomo mpaka amalize. Mwenye jani mdomoni hasalimiwi, na asiposalimia si kosa. Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Lakini likashika! Nilipofika, hata watoto walikuwa wakimwona mtu na jani wanapita mbali kimyakimya. Mke wa mwenyekiti naye alionekana siku moja na jani mdomoni, bila bunduki, mawifi zake walipokuja kumtembelea.

Jambo la pili alilonipa ni alama ya fimbo. Ukishashindilia mzigo mmoja sawasawa, unachora kwa kisu kwenye fimbo pale inapotoka kwenye mdomo wa mtutu. Siku nyingine alama ikikaa juu ya mdomo, simama, kuna kitu ndani kisichotakiwa. Jani na alama. Nimehudhuria semina nyingi zenye chai nzuri, sijapewa kingine kilichookoa vidole vingi kama hivyo viwili.

Bondeni nilikaa mpaka nikazoea joto, nikaolewa, nikazaa. Ndipo nikahamishiwa milimani, Ileje, na hapo kichwa kikaniuma. Nilikuwa nimeolewa na Mndali wa Mbebe, hukohuko Ileje, ukoo wa watu wa kanisa, wakulima, wapole, ila wana jambo lao. Kwao mke hamtazami baba mkwe. Hasemi naye, hataji jina lake, hapiti njia anayopita. Jina lake sitaliandika hata leo, mkitaka mtamwuliza mume wangu. Kwetu Mbozi heshima ipo, lakini hii ya kwao ilikuwa ya kukimbia. Mzee akitaka kuingia uani alikohoa, nami nikatimka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa na kikohozi kizuri mno kwa mtu asiyeumwa kifua.

Na alikuwa na gobore. Tena kwenye eneo langu.

Nikaenda kwa mkubwa wangu. "Bosi, kule yupo baba mkwe wangu, ana bunduki, na mimi sina ruhusa ya kumwambia neno."

"Kwani bunduki yake ndiyo iliyokuoa?"

"Hapana, bosi."

"Basi nenda ukaikague."

Siku ya kwanza ya ukaguzi Mbebe, wazee wamekaa kwenye nyasi, magobore magotini, nikasikia kile kikohozi nyuma ya miti. Nikageuka, nikaipa kadamnasi mgongo, nikiwa ndani ya sare na kofia. Wazee waliangua kicheko, mmoja akasema serikali leo imeona haya. Aliyeniokoa ni mwenzangu Nzunda, kijana wa Vwawa mwenye uvumilivu wa punda. Alisimama katikati yetu, hatua chache kutoka kwa kila mmoja, akawa simu.

"Nzunda, mwambie mzee afungue mtambo."

"Mzee, fungua mtambo."

"Mwambie Serikali," ikaja sauti nyuma yangu, "mtambo huu ulikuwa unafunguka kabla yeye hajazaliwa."

"Mama, mzee anasema..."

"Nimesikia, Nzunda."

"Mzee, amesikia."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka na miaka. Nyumbani alikuwa hanitaji, uwanjani nikawa Serikali. Bunduki ilikaguliwa na Nzunda, mimi nikiwa nimegeukia kilima. Ila kushindilia nilitakiwa nikushuhudie mwenyewe, na macho yangu hayakuwa na ruhusa. Ikabidi masikio yaajiriwe. Nikajifunza kumsikiliza. Nta inapotoka kwenye mwanzi inasema *pup*. Baruti inashuka na sauti ya mchele mkavu. Kisha fimbo. Fimbo inayoshuka kwenye mtutu mtupu ina sauti nene, na kadiri mtutu unavyojaa sauti inapanda, inakuwa nyembamba. Gololi ikishakaa chini, fimbo inadunda mara moja na kulia *tong*. Nililijua *tong* la baba mkwe kuliko nilivyojua sauti yake akiimba kanisani. Mzee alikuwa na mkono safi, hilo nampa. Bati alilitoboa kila mwaka na jogoo akaondoka naye.

Lakini watu huzeeka. Mama mkwe ndiye aliyeanza kuniambia, tukiwa jikoni. "Mwanangu, macho ya mwenzangu yamekwisha. Juzi amenimiminia chai mezani, kikombe kipo pembeni kinamtazama." Nzunda akajaribu kumpima kwa kumwonyesha vidole, amwambie ni vingapi. Mzee akajibu, "Ni vile alivyokupa Mungu, vitunze." Alama ya fimbo hakuwa nayo, maana fimbo ile ilikuwa ya marehemu baba yake na haichorwi na mtu. Na jani alilikataa tangu siku ya kwanza. "Mwambie Serikali mimi si mbuzi."

Katika wazee wote wa mlima ule, ni mmoja tu niliyekuwa sina ruhusa ya kumsemesha, na ndiye aliyehitaji kuambiwa kuliko wote. Nilikuwa nauota mkono wa Sichone. Nikamtuma Nzunda, nikamtuma mchungaji, nikamtuma mume wangu. Mume wangu alirudi ameinamisha kichwa. "Baba ni baba," akasema. Kibali chake kilikuwa hai, bunduki yake safi, shabaha anapiga kwa mazoea ya mwili tu, na sheria haina kifungu cha ukaidi. Nikabaki na masikio.

Mwaka ule baba yangu mzazi alikuja kunitembelea kutoka Mbozi. Alikuwa na suti yake ya harusi za watu na mfuko wa kahawa ya zawadi. Akasikia kuna shabaha Mbebe, akasema hawezi kukaa ndani kama kuku wa mayai. Nikamkalisha kwenye benchi la wageni, nikamwagiza atulie. Zamu ya baba mkwe ikafika. Nikageukia kilima changu. Nzunda alikuwa ameshuka chini kupaka bati chokaa, kisha angejificha nyuma ya kichuguu na kupuliza filimbi kwamba njia ni nyeupe.

*Pup*, nta. Mchele mkavu. Fimbo nene, ikapanda, *tong*. Safi kabisa, nikasema moyoni.

Kisha nikasikia makofi ya salamu.

Mungu wangu. Baba yangu alikuwa ameinuka kwenda kumsalimia mkwe mwenzake. Nawe ungemlaumuje? Kumwona mzazi mwenzio hatua kumi na usimwamkie ni kumtangazia kwamba mmegombana. Na mwenzake hana jani. Nikasikia bunduki inawekwa chini, magoti ya wazee wawili yakilia, wakaanza. Umelalaje. Nimelala salama, sijui wewe. Kahawa je. Mahindi je. Mvua ya huko je. Nami nimesimama na mgongo wangu, najisemea wakimaliza atakumbuka, amefanya kazi hii tangu ujana, atakumbuka tu.

Wakamaliza. Baba yangu akarudi kwenye benchi, nikasikia viatu vyake vya harusi.

*Pup*.

Nikakauka. Mchele mkavu. Nikajiambia labda ndiyo masikio yangu yamezeeka. Fimbo ikashuka, na haikuanza na sauti nene hata kidogo. Ilianza nyembamba na ikaishia nyembamba, fupi, kama mtu aliyekatizwa. *Ting*. Kule chini filimbi ya Nzunda ikalia: njia ni nyeupe. Nikasikia fataki inabanwa mahali pake. Nikasikia mtambo unavutwa. Nzunda yuko nyuma ya kichuguu, mchungaji hayupo, mume wangu yuko shule anafundisha. Hapakuwa na simu.

"Baba, acha!" nikapiga kelele, nikageuka. "Usifyatue! Shusha bunduki, baba!"

Nilimtazama usoni. Sikuwahi kuutazama uso ule sawasawa tangu niolewe. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, jicho moja amelifumba, na alikuwa na kidevu cha Atupele wangu. Kidevu kizima kizima, na kile kishimo chake. Nilimzaa mtoto na kidevu cha mtu nisiyemjua, na mtu mwenyewe ndiye huyu, na chuma kimekaa kando ya jicho lake kinangoja.

Alishusha bunduki. Baba yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, umefanya nini?"

Nzunda akapanda mlima akihema. Tukatoa fataki, tukamimina maji mtutuni, tukafunga kwenye fimbo chuma cha kuzongoa, chenye ncha ya skrubu ya kung'oa gololi. Nzunda akavuta. Ikatoka gololi. Wazee wakakohoa kidogo, mmoja akanong'ona kumbe ni moja tu, huyu mama amemvunjia mzee heshima bure. Nzunda akarudisha chuma, akazongoa, akavuta tena. Ikatoka ya pili. Hapo hakuna aliyenong'ona. Baba mkwe akanyoosha mkono, Nzunda akampa gololi zote mbili, akazitia mfukoni, akaacha bunduki palepale, akashika njia ya nyumbani kwa kupapasa na fimbo yake ya kutembelea.

Msidhani nilibebwa juu juu. Mashangazi wa mume wangu walikaa kikao wakasema nimemtazama, nimemwita, tena mbele ya watu, tena nimevaa suruali. Wakataka kuku mweupe na kitambaa, na nisikanyage uani kwake mpaka yeye mwenyewe aseme. Mume wangu alinunua kuku bila neno. Nilimwuliza, "Wewe ungetaka ninyamaze?" Akasema, "Ningetaka uishi na sisi." Nikalia usiku kucha, sioni aibu kusema. Sikujutia kelele ile, hata leo sijutii, ila nilikuwa naipenda familia ile, na mama mkwe nilikuwa nampenda kama pumzi, na sikujua kama nimeokoa mkono nikapoteza nyumba.

Jumapili, baada ya ibada, habari ikaja kwamba mzee amesema niende. Nikapanda Mbebe na kuku wangu kwapani, mashangazi wakinitazama kutoka kwenye benchi lao. Mama mkwe akanipokea jikoni, tukamchinja yule kuku, nikapika, na ugali wa kwetu mgumu. Kama kawaida nilipakua, yeye akabeba sinia kumpelekea mwenzake ndani. Kama kawaida nilibaki na mgongo mlangoni.

Akarudi na sinia lilelile, limejaa.

"Amekataa," akasema.

Nikashika nguzo.

"Subiri kwanza, usinifie hapa," mama mkwe akasema, na midomo ilikuwa inamtetemeka, sikujua ni kilio au ni nini. "Amesema aliyepika alete mwenyewe."

Niliingia kwa magoti, sinia mbele yangu, macho kwenye mkeka. Nikaliweka chini. Nikammwagia maji, akanawa polepole, akipapasa beseni. Akamega ugali, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna. Mashangazi walikuwa wamejaa mlangoni. Akameza.

"Chumvi," akasema.

Sikujua kama nijibu. "Abee, baba?"

"Chumvi imezidi." Alikuwa ananitazama, au anatazama pale sauti yangu ilipo. "Imezidi tangu ulipoolewa. Miaka yote hii nakula, nakunywa maji, nakula, nakunywa maji. Ningemwambia nani?"

Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanacheza. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, makamasi yananitoka kama mtoto, hata sikujifuta.

"Nawa," akasema. "Sogea tule."

Nikanawa, nikasogea, nikamega, nikachovya. Ilikuwa imezidi kweli.